Ethi Iliyonyweshwa

1

Kipimo kilisoma kumi na nne.

Fundi Namsifu Mgonja alikigonga kwa kidole kama anayemwamsha mlinzi, kikasoma kumi na nne tena. Akacheka peke yake. Huu ulikuwa mwezi wa kumi, na Mvungwe haikuwa imeona tone la mvua tangu mwezi wa tano. Wiki iliyopita, alipoipigilia fimbo ya ethi, ile ya kumwaga ardhini umeme uliopotea, kwenye udongo huu huu mwekundu, kipimo kilimpa omu tisini na sita za ukinzani, wakati sheria inataka ishirini kushuka chini. Alichimbua, akashindilia mkaa na chumvi kuizunguka fimbo, akaondoka bila matumaini makubwa. Leo kumi na nne! Namsifu alijipongeza kwa moyo wote, na tusimlaumu, maana mtu mwenye miaka hamsini na sita na magoti mabovu ana haki ya kujipongeza akiwa amepiga magoti.

Kazi nyingine ilikuwa imekamilika tangu jana. Waya ulitoka kwenye meinsi swichi ukiwa na njia yake peke yake, mnene kama kidole gumba, ndani ya bomba, bila kiungo hata kimoja mpaka ukuta wa nje. Breka yake haikuhudumia kitu kingine chochote. Kiwele kilikaa kimo cha kifua, chini ya kipande cha bati, ili mvua ikija isikute mdomo wazi. Kiwele ndilo jina ambalo watu wa tambarare walikipa kisanduku cha kuchajia magari, kwa sababu gari linanyonya humo umeme wa jua, na umeme wa nyumba ukiisha linaurudisha ndani, taa zikawaka na friji ikaendelea kunguruma. Serikalini kina jina refu ambalo hakuna anayelikumbuka.

Kilichobaki ni kiapo tu.

Juu ya meinsi swichi kulikuwa na Shahidi, kisanduku cha rangi ya ugoro, kidogo kuliko kipande cha sabuni. Kila nyumba nchini inacho. Kililetwa baada ya ile miaka ya ekstensheni, watu walipokuwa wakipitisha waya mwembamba dirishani, wakachaji gari kwenye soketi ya pasi, na kulipokucha wakakuta dari limekuwa masizi. Tangu hapo hakuna gari linalochaji mpaka fundi aweke kiganja juu ya Shahidi na kuapa kwa sauti, na baada ya hapo mtu yeyote akiiuliza nyumba nani aliifunga, nyumba inamtaja kwa jina. Fundi mwanafunzi akiapa, Shahidi hamwamini. Anaipima ethi mwenyewe kila saa kwa siku thelathini, na siku zote hizo umeme unapita kwa kudonadona. Fundi wa nyota saba akiapa, Shahidi anachukua neno lake. Wilaya nzima ilikuwa na mafundi wa nyota saba watatu, Namsifu akiwa mmoja wao, na hakupenda watu wasahau jambo hilo.

"Mama Fundi, niambie," sauti ilitoka mlangoni. "Nicheke au nilie?"

Alikuwa Nuruana, mwenye nyumba, mkunga wa Mvungwe na vitongoji vyake vitano. Alikuwa ameshavaa sare yake nyeupe tangu alfajiri, ingawa gari lilitarajiwa saa nane mchana. Gari la uzazi lingekuja lenyewe kutoka hospitali, bila dereva, na likifika getini lingemuuliza Shahidi. Likikuta nyumba haijaapiwa, lingegeuza na kwenda kwa mkunga mwingine, kwa jina linalofuata kwenye orodha. Nuruana alilisubiri miaka mitatu. Mwaka jana mama mmoja alimfia mikononi barabarani, juu ya bodaboda, na tangu siku hiyo hakupenda kuisikia barabara ile ikitajwa.

"Cheka, mwanangu," Namsifu alisema. "Kumi na nne."

Nuruana hakucheka. Alijifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo, kisha akaingia ndani kupika chai, maana hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Namsifu alijipangusa kiganja kwenye kanga, akakiinua kuelekea Shahidi. Hapo ndipo Bibi Eliwaza, mama yake Nuruana, alipotokea nyuma ya nyumba akiwa na ndoo tupu, miguu peku, amelowa mpaka magotini na amejaa furaha.

"Imekubali?" aliuliza.

"Shikamoo, mama. Imekubali, tena vizuri."

"Marahaba. Ingekataaje? Nimeinywesha ndoo nne tangu saa kumi na moja. Ya kwanza taratibu, ili isishtuke."

Mkono wa Namsifu ulibaki hewani. Aliugeuza, akainama, akachomeka kidole chake kwenye udongo pembeni ya fimbo, chini ya vumbi kavu ambalo Bibi alilifagia juu ili pasionekane pachafu. Kidole kilitoka na tope.

"Nani alikuambia uinyweshe, mama?"

Bibi Eliwaza alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Wewe. Umesahau? Kwa Mchome, mwaka ule ulipoanza kazi. Ulinituma maji, nikakuletea ndoo tatu kichwani. Ukasema ardhi ikipewa maji kabla ya kiapo inakuwa na adabu. Tangu hapo kila fundi akija kijijini wanawake tunainywesha mapema. Ni heshima ya nyumba."

Namsifu alihisi uso ukimchoma. Hakuwa amesahau. Alikuwa amefanya bidii ya miaka ishirini na miwili ili asahau, na mwanamke mwenye miaka themanini amemrudishia yote, tena kwa mapenzi.

2

"Kumi na nne ni kumi na nne," Nuruana alisema, birika mkononi. "Kifaa chako hakidanganyi."

"Hakidanganyi. Kimepima maji ya mama yako. Wiki ijayo yatakuwa yamekauka, na hapa patarudi palepale, tisini na kitu."

"Wiki ijayo mvua zinaweza kuanza."

"Na zisipoanza?"

Nuruana aliiweka birika chini kwa kishindo. "Mama Fundi, mke wa Mbazi ana mapacha tumboni na wiki tatu zimebaki. Wewe unaniambia habari za udongo?"

Namsifu hakukasirika. Alimshika mkono, akamtembeza hatua sita mpaka kwenye sakafu ya saruji, pale gari litakaposimama, karibu na karo ambalo Bibi Eliwaza hufulia kila siku. Maji ya sabuni yalikuwa bado hayajakauka. Ndala za Bibi zilikuwa juu ya ukuta, mahali pake pa siku zote, kwa sababu Bibi hafui na ndala.

"Sikiliza. Siku moja waya utachubuka ndani ya gari au ndani ya kiwele. Miaka mitano, miaka kumi, sijui. Umeme utaingia kwenye bodi ya gari na kuanza kutafuta njia ya kwenda ardhini. Ethi ikiwa nzuri, unapita huko wote kwa mkupuo, breka inaruka, mnasikia kishindo, mnaniita, nakula chai yenu. Ethi ikiwa mbovu, breka haina habari. Umeme unabaki kwenye bodi, unangoja. Halafu mama anatoka karoni na miguu yake hiyo, anaegemea gari ili avute pumzi."

Nuruana alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda akikamua pindo la gauni.

"Basi umeniua," alisema polepole. "Saa nne na nusu sasa."

"Sijakuua bado. Maji yenu ya kuogea yanakwenda wapi?"

Lilikuwa swali la ajabu, na Nuruana alilijibu kwa kuonyesha kidole tu. Nyuma ya bafu, hatua ishirini na mbili kutoka kwenye kiwele, palikuwa na shina la migomba lililoota kabla Nuruana hajazaliwa. Kiangazi kizima, kijiji kikiwa rangi ya tofali, migomba ile hubaki kijani, kwa sababu watu wa nyumba ile wanaoga asubuhi na jioni na hawajawahi kuacha. Namsifu alikwenda akakanyaga. Udongo ulibonyea.

Mbazi aliitwa, akaja mbio akidhani mke wake ameshikwa na uchungu. Alipoambiwa ni mtaro, alishukuru Mungu, akaenda kuwaita ndugu zake wawili na sururu tatu. Ardhi ya Mvungwe mwezi wa kumi haichimbiki, inamegwa. Walichimba mpaka kina cha kiwiko, hatua ishirini na mbili, jua likiwachoma visogo, huku Namsifu akiwafuata kwa nyuma na waya mtupu wa shaba begani, akiwakosoa. Palipo na jiwe aliwataka walitoe, wasilizunguke. Mbazi alinung'unika kwamba mapacha wake watazaliwa bila baba. Kule migombani, Namsifu alipigilia fimbo tatu, kila moja mita tatu kwenda chini, akiziachia nafasi kati yake, kisha akazifunga pamoja kwa vibano na kuzikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Kufika saa saba kasoro, Mbazi na ndugu zake walikuwa wekundu kuanzia nywele mpaka kucha. Mbazi aliuliza kama anaweza kuoga.

"Marufuku," Namsifu alisema. "Hakuna kuoga, hakuna kuosha chombo, hakuna hata kunawa mikono, mpaka nipime."

"Mama Fundi, nanuka."

"Nuka. Nataka kuiona ethi ikiwa na kiu."

Bibi Eliwaza alisogeza kigoda chake. "Kwani tofauti iko wapi, Namsifu? Si maji ni maji? Asubuhi nimemwaga mimi, hapa anamwaga anayeoga."

Namsifu alisimama na kipimo mkononi. Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyoulizwa na wakaguzi tangu aanze kazi. "Tofauti ni kwamba ya kwako, mama, ilikuwa inamngoja fundi. Hii haimngoji mtu. Mkaguzi aje, asije, watu wataoga. Na hata wakiacha mwezi mzima, kule chini fimbo zilikofika hakukauki."

Alipima. Kumi na sita. Akapima tena baada ya robo saa, watu wote wamesimama bila kunawa, nzi wakiwafurahia. Kumi na sita.

Saa nane kasoro dakika kumi, Namsifu aliweka kiganja chake chenye malengelenge juu ya Shahidi. "Mimi Namsifu Mgonja. Nimefunga, nimepima, watu walale."

"Nimesikia," Shahidi alijibu kwa ile sauti yake isiyo ya mwanamume wala mwanamke.

Gari lilifika kwa wakati wake, jeupe, fupi, na mstari wa zambarau ubavuni. Lilisimama getini bila mtu ndani, likamuuliza Shahidi kile linachouliza. Kisha likaingia taratibu, likasimama juu ya saruji karibu na karo, likazima taa zake. Nuruana alilishika boneti kwa mikono miwili, akalia hadharani bila kuona haya. Mbazi alikimbilia bafuni.

3

Makande yalipakuliwa uani. Yalikuwa ya nazi, mahindi yameiva mpaka yanafumuka, na Namsifu alikula sahani mbili akiwa ameegemea ukuta na miguu kaiachia mbele. Mwili ulimuuma kila mahali na moyo ulikuwa mweupe. Karibu mweupe wote. Pembe moja ilikataa, na ndiyo iliyomfanya akatae sahani ya tatu.

"Nuruana, mwanangu, kaa. Nina neno."

Alimweleza bila kuzunguka. Mwaka ule alipoanza kazi alikuwa na nyota moja na haraka ya kuzipata nyingine, na ardhi kavu ilikuwa inamchelewesha. Alinywesha ethi katika nyumba tisa, akianza na ya Mchome, kisha akaona aibu, akaacha. Siku hizo Shahidi alisikia kiapo tu, hakuwa akipima mwenyewe, na jambo lenyewe halikuwa kitu kikubwa machoni pake. Watu walikuwa na taa nne na redio. Lakini nyumba saba kati ya tisa zilikuwa na viwele sasa, vilivyofungwa na mafundi wachanga. Kila mmoja wao alipofika aliiuliza nyumba nani aliifunga, nyumba ikajibu Namsifu Mgonja, naye akakunja kipimo chake na kukirudisha mkobani. Nani apime nyuma ya nyota saba? Hata Shahidi hakupima.

"Mke wa Mchome anaosha gari kila Jumamosi," Namsifu alisema. "Na mpira wa maji, miguu peku. Leo Alhamisi."

"Mpigie simu Mchome, basi. Kimya kimya. Uende ukamtengenezee."

"Hilo nitafanya. Lakini Shahidi akiendelea kunitaja mle ndani, kesho atakuja fundi mwingine atafungwa macho na jina langu. Lazima niseme kwake; akisikia Shahidi mmoja, wamesikia wote. Nikisema, nashushwa mpaka nyota moja. Na nyumba zote zenye jina langu, mia mbili na kumi na nne, zinakwenda kwenye siku thelathini, umeme wa kudonadona, mpaka zipimwe."

Nuruana alielewa haraka kuliko Namsifu alivyotarajia. Aligeuka akalitazama gari. "Na hii."

"Na hii. Gari hawatalichukua, limeshapokelewa. Ila halitajaa kwa saa nne tena. Litajaa kwa siku nzima na ushee."

"Safari moja ya hospitali, halafu nakaa nangoja." Sauti ya Nuruana ilikuwa imekauka. "Wiki tatu, Mama Fundi. Mke wa Mbazi ajifungue tu, halafu useme. Umekaa nalo miaka ishirini na miwili. Wiki tatu ni nini?"

Namsifu alitamani kusema sawa. Tuseme ukweli, alitamani sana. Makande yalikuwa tumboni, nyota saba zilikuwa bado zake, na aliyekuwa akimwomba alikuwa mkunga, anayeomba kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa.

"Leo asubuhi," Bibi Eliwaza alisema kutoka kwenye kigoda chake, "ungeapa juu ya maji yangu, mimi ndiye ningelishika gari. Si ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo, mama."

"Basi mke wa Mchome naye ana mama yake." Akaendelea kuchagua mawe kwenye maharage ya kesho.

Nuruana alikaa akiwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha alisimama, akakunja mikono ya sare yake, akaenda ukutani. Alichomoa mdomo wa kiwele, akausukuma ndani ya ubavu wa gari mpaka ukalia.

"Unafanya nini?" Namsifu aliuliza.

"Lijae kwanza," Nuruana alisema. "Hujaambiwa useme saa ngapi. Kiapo cha hapa ni cha kweli, na saa nne za umeme wake ni halali yangu. Likijaa, sema yote. Mimi kila siku nitalirudisha hapa likiwa na nusu, na Mbazi atamhamishia mke wake chumba cha nyuma wiki ya mwisho, nimwangalie nikiwa hapa hapa."

Namsifu alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa ameliwaza hilo, yeye fundi mzima. Saa nne zile alizitumia kupiga simu saba, kwa zile nyumba zenye viwele, akiwaambia watu wachomoe magari na wasiyaguse mpaka aje, bila kujibu kwa nini. Wawili walimtukana kidogo. Mchome aliuliza kama amezeeka.

Saa moja kasoro dakika chache jioni, taa ya kiwele iligeuka kijani. Namsifu alijinyanyua, akaweka kiganja juu ya Shahidi. Safari hii hakuwa na maneno ya mazoea, akasema kwa maneno yake. Alizitaja nyumba tisa, moja moja, kwa majina ya wenyewe, na idadi ya ndoo. Alizikumbuka zote.

"Nimesikia," Shahidi alisema.

Bibi Eliwaza alisogea karibu, akakikodolea macho kisanduku. "Wewe. Nani alikufunga?"

"Nilifungwa na Namsifu Mgonja, fundi wa nyota moja. Ethi yangu nimeipima mwenyewe dakika hii. Kumi na sita."

"Umesikia?" Bibi alisema, akimgusa Namsifu kiwiko. "Kumi na sita, na hakuna aliyekuombea."

Namsifu alishangaa kukuta hana huzuni. Alikuwa amezingoja nyota hizo ziondoke zikiwa na kishindo, na kumbe zimetoka bila maumivu, kama jino lililokuwa linalegea siku nyingi. Simu ilimlilia mfukoni. Alikuwa Mchome.

"Mama Fundi, nyumba yangu imeanza kusema haijui ilifungwa na nani! Kuna nini huko?"

"Kweli imesema?"

"Nimeiuliza mara tatu."

"Basi nakuja asubuhi, saa moja. Tafuta watu wawili wenye sururu. Mnaoga wapi hapo kwenu?"

"Tunaoga... Mama Fundi, unaumwa?"

"Siumwi. Na Mchome, mwambie mkeo, na mama yake, na majirani wote," Namsifu alisema, huku akianza kukusanya vibano vyake mkobani. "Asubuhi mtu asinitayarishie kitu. Asimwage maji pale hata kikombe."